Silinda Ndani ya Gunia la Pumba

Silinda ya kwanza iliingia nyumbani kwangu ndani ya gunia la pumba, na mimi nikajua ni mali ya wizi.

Sikuuliza. Mtu akikuletea gunia la pumba na wewe hufugi nguruwe, kuku wako ni watatu na mmoja anaatamia, la kuuliza ni lipi? Nililitazama gunia, nikamtazama mume wangu, nikaendelea kupepeta uwele. Yeye akalibeba mpaka chumba cha ndani, akafunga mlango. Baadaye kidogo nikasikia chuma kinakwaruzwa. Krii. Krii. Kimya. Krii.

Zamani hizo ni za Mwingereza, nasi tulikaa Miyuji. Msidhani ilikuwa mji kama mnavyoiona. Ilikuwa mashamba na tembe zilizoachana, na ukitaka chumvi unashuka Dodoma kwa miguu. Mume wangu alikuwa ametoka Kongwa, kule walikokuja Wazungu na mashine za kung'oa miti ili walime karanga nchi nzima. Ardhi iliwakatalia. Mvua haikuja walipoitaka, udongo ukakauka ukawa mgumu kuliko majembe yao, wakafungasha wakaenda zao na vyuma wakaviacha vinaota kutu. Mume wangu alikuwa kwenye karakana yao. Alianza kwa kuosha vipuri, akamaliza akiwa mtu wa kuachiwa injini ndogo peke yake: za pampu za maji, za pikipiki, za vitu kama hivyo.

Aliporudi nyumbani alirudi na sanduku la mbao lenye tupa, msasa na vitambaa vyenye harufu ya petroli. Zaidi ya hapo hakuniambia kitu. Na mimi mtu asiponiambia kitu, nakitafuta.

Cha kwanza nilichokitilia shaka ni mlango. Nyie mliolala kwenye tembe mnajua. Ndani ni giza, madirisha yenyewe ni matundu ya kupitisha mkono. Mwanga wote unaingia kwa mlango. Sasa mtu anayefanya kazi ya chuma, kazi ya kutazama, anajifungia gizani mchana wa jua kali. Kwa nini? Nikasema, huyu haogopi kuonwa na mimi tu, anaogopa hata jua limwone. Wizi huo.

Cha pili, magunia yakiwa yameshakwenda na kurudi zaidi ya mwaka, jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye macho makali kuliko mwewe, alinijia kisimani akicheka mpaka ndoo ikamwagika.

"Mumeo kapata rafiki mpya," akasema.

"Rafiki gani?"

"Blanketi lako. Lile ulilolianika kwenye nguzo. Nimepita, nimemkuta kasimama mbele yake, kavua na kofia. 'Mbukwa,' analisalimia. Akangoja kuitikiwa. 'Mbukwa!' Akaona halimjibu, akaenda zake kanuna!"

Nilicheka naye, maana usipocheka watu wataendelea kufikiri. Lakini kicheko kiliniishia njiani. Mume wangu hakuwa mlevi. Pombe ya mtama alikunywa harusini, na tena nusu kibuyu.

Basi nikaanza kumtega. Leo nakiri, nilimtega kama unavyomtega panya. Kigoda chake nilikihamisha nikakiweka njiani. Akajigonga, akasema watoto wanaacha vitu ovyo. Bakuli la mlenda nililiweka kushoto badala ya kulia. Mkono wake ukaenda kulia, ukapapasa mkeka, ukarudi polepole kama hakuna kilichotokea. Nikaweka kisu ambapo huwa pana kijiko. Hapo nikamshika mkono mwenyewe kabla hajakigusa, kwa sababu nilikuwa natafuta ukweli, sikuwa natafuta damu.

Akautoa mkono wake, akaendelea kula. Nami nikakiondoa kile kisu.

Kesho yake alipoanza kukwaruza chuma chake, nikasukuma mlango, nikaingia, nikasimama. Nikauacha wazi, jua likaingia mpaka kwenye magoti yake. Alikuwa amekaa na kile chuma mapajani, silinda, yenye mapezi nje kama magamba ya kakakuona. Kidole chake kidogo alikuwa amekitia ndani anakizungusha.

"Nani?" akauliza.

Nilikuwa hatua mbili mbele yake.

"Ni mimi. Ulidhani nani, hawara yako?"

"Funga mlango, mama watoto."

"Nikiufunga utaona?"

Akatikisa kichwa.

"Na nikiuacha wazi, utaona?"

"Kidogo," akasema. "Kama mtu anayetazama kupitia maziwa."

Vikope. Ugonjwa huo mnaujua, na wa upande wetu tunaujua kuliko wengine, kwa vumbi na nzi na uhaba wa maji. Kope zinageukia ndani zinalikwaruza jicho, mwaka baada ya mwaka. Mama yangu alikuwa akizing'oa za kwake kwa kibano. Mume wangu alikuwa akizing'oa kwa siri tangu Kongwa, na tabibu wa kule alikuwa ameshamwambia kuwa kovu limefika kwenye mboni na dawa ya matone haiondoi kovu. Alikuwa amejifungia kwa sababu mlango ukiwa wazi jua lilimchoma macho, na halikumsaidia kitu. Kazi alikuwa anaifanya kwa vidole.

Nikamuuliza na ule wizi. Akacheka. "Wizi gani? Ni za Mhindi."

Mhindi mwenyewe alikuwa na duka la baiskeli na pikipiki karibu na stesheni. Aliuza zile pikipiki ndogo ambazo injini zake hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Injini hizo hazina mambo mengi. Zina matundu kwenye ukuta wa silinda: moja la kuvutia, moja la kutolea moshi, na mifereji miwili ya pembeni ya kupitishia kile kinachokwenda kuwaka. Pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga, kama mtu anayepita mbele ya dirisha. Zikitoka kiwandani matundu yale huwa yana kingo na makovu. Fundi akiyapanua kwa kipimo na kuyalainisha, injini ileile inapata mbio, au inapata nguvu ya mlima, kutegemea amekata wapi. Mume wangu alifundishwa hayo na Mtaliano mmoja waliyefanya naye kazi Kongwa. Na Mhindi alitaka watu wa Dodoma waamini kwamba pikipiki za dukani kwake ndizo kali tangu kuzaliwa. Mpwa wake alishindana mbio na wenzake siku za Jumapili, kule kwenye uwanda karibu na uwanja wa ndege, watu wakitazama. Kwa hiyo silinda zilikuja na pistoni zake ndani ya pumba na zikarudi na pumba, wenye maduka mengine wasijue.

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeolewa na siri mbili, moja juu ya nyingine.

"Mhindi anajua macho yako?"

"Akijua ataendelea kunipa kazi?"

Hapo nikakaa chini. Maana nilijua vizuri kitakachofuata kazi ile ikikatika. Kaka yake mkubwa alikuwa na boma Zuzu, reli inapopita ukienda magharibi. Alikuwa na ng'ombe wengi, wake watatu, na mdomo. Mara mbili alikuwa ameshatuambia, "Siku mkishindwa njooni, pa kulala papo." Maneno mazuri hayo ukiyasikia kwa mbali. Mimi nilimjua shemeji. Pa kulala kwake maana yake mimi ningelima mashamba ya wake zake watatu, mume wangu angekalishwa ukutani na kuelekezwa sahani, na binti zangu wawili yeye ndiye angewaoza, kwa mtu amtakaye, ng'ombe wakaingia kwenye zizi lake. Binti mkubwa alikuwa ameshavunja ungo. Shemeji alikuwa ameshaniuliza umri wake, huku anatabasamu. Tabasamu lile sijalisahau.

Nikamwambia mume wangu, "Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hicho unachokikwaruza."

"Mwanamke na tupa?"

"Wewe una vidole huna macho. Mimi nina vyote. Nani wa kuchekwa hapo?"

Akapapasa, akatoa sandukuni silinda moja mbovu, iliyokufa zamani, akasema tutaanza na maiti.

Sikusoma mimi. Niliingia darasa la ubatizo nikatoka najua kusoma pole pole na kuandika jina. Lakini mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mimi nilifinyanga tangu nikiwa na urefu wa mtungi. Anayefinyanga ana macho kwenye ncha za vidole. Unatia mkono ndani ya chungu usichokiona ndani, unajua hapa pamenenepa, hapa pamekonda, hapa patapasuka motoni. Mume wangu alipoutia mkono wangu ndani ya silinda akaniuliza nasikia nini, nikamwambia: kuna kidato hapa, kama cha ngazi, kuna chembe hapa, na huu mfereji wa kushoto ni mwembamba kuliko mwenzake. Akautia wa kwake, akahakikisha. Akasema, "Mtaliano alinipiga kofi miezi mitatu kabla sijakisikia hicho kidato."

Sikujua kama ananisifu au ananibembeleza niiache. Mtu anayetaka kukusimamisha kazi huanza na sifa.

Alinifundisha kupaka masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta kuzunguka tundu, halafu kuweka kipande cha bati alichokikata kwa kipimo, halafu kuchora ukingo wake kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Mstari unabaki mweupe kwenye weusi. Ndani ya mstari, kata. Nje ya mstari, usiguse hata ukilala njaa. Tupa inasukumwa, hairudishwi ikiwa imegusa chuma. Unainua, unarudi, unasukuma tena. Tundu la moshi ukilipandisha juu, injini inakimbia lakini haina nguvu ikiwa polepole. Hilo ni la vijana wa mbio. Mtu wa kupanda mlima na mzigo wa ngozi nyuma, tundu lake unalipanua kidogo kwa pembeni, juu huligusi. Na pembeni usizidishe, kwa sababu zile pete za pistoni zikikuta dirisha pana huchungulia, zikichungulia zinakatwa. Ukimaliza kukata unalaza kingo ziwe za mviringo kama mdomo wa chungu, pete isinase. Ndipo msasa, mkavu kwanza, wenye mafuta baadaye. Njia ya moshi ing'ae, masizi yasipate pa kushika. Njia ya kuingizia iwe laini tu, ising'ae.

"Kwa nini ising'ae?"

"Ndivyo alivyosema Mtaliano."

"Na wewe hukumuuliza?"

"Wewe ungemuuliza, ungepigwa makofi sita."

Basi, mchana nikimaliza shamba na maji na chungu cha ugali, niliurudishia mlango bila kuufunga kabisa, nikaacha ufa wa mwanga unaoangukia mapajani kwangu, nikakata. Yeye alikaa mbele yangu akisikiliza. Alijua kwa sauti kama tupa imelala vibaya. "Umeinamisha," anasema. Na kweli nimeinamisha. Watu wakipita wanasikia krii krii wanajua fundi yupo kazini. Nami nikisikia nyayo nje naweka kila kitu chini na kuchukua ungo. Jirani yangu wa macho ya mwewe alinikuta mara moja na masizi mpaka kwenye pua.

"Unapika nini leo, mama, makaa?"

"Napika shughuli zangu."

Aliangalia mlango, akaniangalia, akaondoka. Nikajua ameondoka na kitu. Tangu siku hiyo sikumwazima hata moto.

Silinda tatu ziliondoka salama. Ya nne ndiyo niliyoiua mimi.

Ilikuwa ya mpwa wa Mhindi, ya mbio. Kazi yote ya matundu ilikuwa imekwisha, nzuri kuliko zote, na mume wangu alikuwa ameipitia kwa vidole akasema hana neno. Siku ile alitoka kwenda msibani, ameongozana na binti yetu mdogo, nikabaki na silinda peke yangu. Nikaielekeza kwenye mwanga. Nikaona ndani, kwenye ukuta ule mkubwa pistoni inapopita, kuna mikwaruzo. Myembamba sana, imepishana, kama mtu amepitisha ufagio mkavu. Nikasema, hee. Sasa kazi nzuri hivi inarudije na uchafu huu ndani? Mhindi atasema nini? Atasema fundi mchafu.

Mfinyanzi hapeleki chungu sokoni na mikwaruzo ndani. Nilikuwa na jiwe langu la kung'arishia vyungu, jiwe laini la mtoni, la marehemu mama yangu. Nikachukua majivu ya kuni yaliyochekechwa, nikachanganya na mafuta ya kondoo, nikaanza kusugua. Nilisugua asubuhi nzima. Ile mikwaruzo ikapungua, ikapungua, ikaisha. Ukuta ukang'aa mpaka nikaona meno yangu. Nikaiosha, nikaifuta, nikaipaka oili, nikaifukia ndani ya pumba. Nilifurahi, msinicheke. Mume wangu aliporudi akaniuliza umeosha? Nikamwambia nimeosha. Hakuutia mkono. Angeutiaje, wakati ukuta ule hakuna fundi mwenye akili anayeugusa?

Jumatatu Mhindi akaja mwenyewe. Hakuwahi kuja. Alikuja kwa gari, akasimama mbali, akatembea mpaka uani akiwa ameshika kikapu kimefunikwa gazeti. Mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani. Mimi nilikuwa nafinyanga chini ya ukuta, mikono ina udongo mpaka viwikoni.

"Hodi. Fundi yuko?"

Mume wangu akatoka, akakaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwenye sauti. Hakukosea sana.

"Karibu, bwana. Mbio zimekwendaje?"

"Wewe niulizie mbio!" Akafunua kikapu, akatoa silinda ile. "Mpwa wangu yuko mbele, ameacha wote, katikati ya uwanda pistoni imenasa. Gurudumu imesimama, yeye amepaa kama kuku. Uso yote imechubuka, mama yake analia tangu jana. Sasa mimi nauliza wewe taratibu. Umebadilisha pistoni yangu? Umeweka ya zamani, nzuri umeuza?"

"Sijabadilisha kitu, bwana."

"Basi nani ameshika silinda hii? Mimi najua mkono yako. Huu siyo mkono yako. Tazama hapa, inang'aa kama bangili ya bibi harusi. Tazama!"

Akamsogezea puani. Mume wangu akaitazama, yaani akaigeuzia uso. Nilimwona Mhindi anamwangalia yeye, haangalii tena silinda. Nikajua ameanza kuona. Macho yale nyuma ya miwani yalikuwa yanapima, kama yalivyonipima ya jirani yangu siku ya masizi.

Akatia mkono kikapuni akatoa silinda nyingine, mpya, ya rangi ya majivu.

"Kata hii," akasema. "Hapa, nje, mbele yangu. Ya mzigo, si ya mbio. Mimi natazama. Kama ni mkono yako, nimekosea, naomba samahani. Kama siyo, kazi imekwisha na tupa zangu mbili nimeazimisha wewe narudi nazo."

Mume wangu akaniita nimletee sanduku. Nikalileta. Nampa haki yake. Alipaka masizi, vizuri kabisa. Akachukua kipande cha bati, akakitafuta kwa kidole ukingo wake. Kilikuwa na pande mbili zinazofanana sana, upande wa mbio na upande wa mzigo. Mimi nilikuwa nimeshautia upande mmoja alama ya kuona kwa macho, ya rangi, kwa ajili yangu, na ule ubonyeo wa zamani, aliokuwa akiutambulia upande kwa kidole, nilikuwa nimeupiga nyundo ukalala, kwa sababu ulinikwaza. Akapapasa ubonyeo. Haupo. Akapapasa tena. Akakiweka.

Alikiweka juu chini, upande wa mbio.

Niliona kitakachotokea kama unavyoona chungu kinavyoteleza kutoka mkono wa mtoto. Angekata juu, mzigo ungekosa nguvu, Mhindi alikuwa ameshainama anachungulia mstari. Nikinyamaza, tunakwenda Zuzu. Nikisema, tunakwenda Zuzu na aibu juu. Nilimfikiria binti yangu mkubwa na lile tabasamu.

Nikanawa mikono. Nikaifuta kwenye kanga.

"Lete hapa," nikasema.

Mhindi akainua kichwa. "Mama, hii siyo chungu."

"Najua si chungu. Ingekuwa chungu ningekupa wewe ushike."

Mume wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama watoto." Nikamtoa silinda mkononi, nikafuta mstari ule wa kwanza, nikapaka masizi upya, nikakigeuza kibati, nikachora. Halafu nikakata. Sikufunga mlango wowote, tulikuwa uani kwenye jua, na jirani yangu alikuwa amesimama kwenye uzio wake wa miiba na mdomo wazi kama mtungi. Sikumjali. Tupa inasukumwa, inainuliwa. Mhindi alivua miwani akaifuta, akaivaa. Nilipomaliza tundu la moshi alitoa mfukoni chuma chake cha kupimia, akapima mara moja, akageuka, akapima tena. Nikaendelea. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimetufikia miguuni nilipomkabidhi.

Akatia kidole. Akakizungusha.

"Tangu lini?" Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mume wangu.

"Tangu Kongwa macho yalikuwa mabaya. Yeye ameanza mwaka huu."

"Na ile iliyonasa?"

"Ni yangu," nikasema. "Matundu na kung'arisha, vyote vyangu."

"Kwa nini umesugua ukuta?"

"Nilidhani ni uchafu."

Mhindi akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Mume wangu ndiye aliyenieleza, hapohapo mbele ya mgeni, na sikumpenda kwa hilo siku ile. Akasema ile mikwaruzo huwekwa makusudi. Oili inataka mahali pa kukaa. Ukuta ukiwa laini kama kioo, oili inateleza yote, chuma kinakula chuma. "Chungu kinataka kisivuje," akasema. "Silinda inataka ishike mafuta. Sikukwambia kwa sababu sikudhani kuna mtu atakayeusugua."

"Hukuniambia," nikasema, "kwa sababu mnapenda kubakiza kidogo. Wewe na Mtaliano wako."

Mhindi alifunika silinda zote mbili na gazeti. Nikamuuliza, "Kazi ipo au haipo?" Akasema atafikiri. Akachukua na zile tupa zake mbili. Nilimtazama anavyozichukua, akazihesabu kana kwamba mbili ni nyingi, akaenda kwenye gari bila kuaga.

Nadhani nilikuwa sijawahi kungoja kitu katika maisha yangu kama nilivyongoja wiki zile. Mtoto ukimngoja unajua atatoka. Mume wangu alikaa mlangoni siku nzima, mlango wazi sasa, uso ameufunika na kitambaa kwa ajili ya jua. Jirani alitangaza yote aliyoyaona na mengine ya kwake. Habari zikapanda treni zikafika Zuzu, na shemeji akatuma mtu kusema nyumba imeshakandikwa, na kwamba kuna mzee mmoja wa heshima, mwenye ng'ombe, ameuliza habari za binti yetu. Nilimwambia yule mjumbe ale, anywe maji, arudi akaseme tumesikia. Tumesikia, basi. Alipoondoka nikaitazama njia ya mjini mpaka shingo ikauma.

Nilikuwa nimeshaanza kufunga vyungu kwa nyasi, vya kwenda kuuza ili tupate nauli, gunia lilipokuja. Lililetwa na yule mchukuzi wa siku zote, mtu asiyesema. Nikalimwaga kwenye mkeka mchana kweupe. Silinda moja, pistoni yake, na zile tupa mbili.

Barua hakuna. Salamu hakuna.

Nikaipeleka silinda kwenye mwanga, sasa nikiwa nimejua cha kutazama. Ukutani mikwaruzo ilikuwepo, imepishana vizuri, nikaiacha ikae na Mungu wake. Halafu nikaitazama pistoni. Ndani yake, mahali pa kificho ambapo mtu asiyeitafuta haoni, palikuwa na mstari mdogo uliochorwa kwa sindano, na nukta mbili. Haukutoka kiwandani. Chuma kilikuwa kibichi hapo, kinameta.

Nikampa mume wangu. Akautia ukucha, akaupata.

"Ameweka alama," nikasema, na damu ilikuwa imenipanda. "Anadhani nitambadilishia pistoni yake. Ananiita mwizi, Mhindi huyu, ndani ya nyumba yangu!"

Mume wangu akaanza kucheka. Hakuwa amecheka tangu siku ile ya uani, alicheka mpaka macho yake mabovu yakatoa machozi.

"Mimi aliniwekea mwaka wa kwanza mzima," akasema. "Kila pistoni. Sikukwambia."

"Kwa nini akuwekee?"

"Mafundi ndio huwekewa, mama watoto. Anayebeba gunia hawekewi."

Sikuona cha kuchekesha. Nikamnyang'anya pistoni, nikaitazama alama ile kwa muda, nikaipima mahali ilipo, nikaichora kwenye kipande cha bati ili siku akija kusema nimebadilisha nimwonyeshe kwamba niliiona na nikaiacha. Kibati hicho nikakificha, hata mume wangu hakujua wapi. Halafu nikamwambia binti yangu mkubwa avifungue vile vyungu na avirudishe ndani, nikaketi na masizi yangu, nikaanza kuchora mstari.